Ardhi Isiyo na Hati: Mwongozo kwa Wanaojenga Antena Hewani

Kiganjo ninayoandika habari zake ni ya Thika. Iko nyingine Nyeri, penye chuo cha polisi, na iko nyingine Gatundu. Ukiuliza njia bila kutaja unayoitaka, utafika tu, ila utafika kwa wenyewe. Yetu ni ya ploti za kupangisha: slabu juu, tangi jeusi la maji juu ya slabu, kamba za nguo, na nyaya za stima zilizokatiza barabara kama kikapu cha mtu aliyeanza kufuma akaitwa kula.

Upande huu wa Kiambu mazungumzo yote huishia kwenye ardhi. Toka Ruiru hadi Thika, mabango yanakuuzia ploti za 50 kwa 100. Kanisani, mazishini, kwa kinyozi, swali ni lile lile: hati imetoka? Mtu wa pekee ninayemjua asiyeitaka ardhi hata ya bure ni yule aliyepata juzi leseni ya redio ya ridhaa, akapewa alama ya mwito inayoanza na 5Z4, akapakua programu ya kukokotoa antena jioni hiyo hiyo, na ilipofika saa saba usiku akawa amekwisha jenga antena inayosikika London. Ameijenga mahali paitwapo anga tupu. Huko hakuna udongo, hakuna mabati, hakuna jirani wala stima. Wala hakuna mtu wa kumsikia.

Mwongozo huu nimemwandikia yeye. Kanuni zake zote nimezifuata mimi mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa hiyo najua zinavyofanya kazi.

Kanuni ya kwanza: usiiguse kadi ya GN

Programu nyingi za antena, hata zikiwa na sura mpya na rangi za kupendeza, zina moyo wa kizee. Moyo huo unaitwa NEC-2. Ulitoka katika maabara ya Lawrence Livermore, California, mwaka 1981, kazi ya Gerald Burke na Andrew Poggio, ukiwa umeandikwa kwa lugha ya Fortran kwa mahitaji ya jeshi la Marekani. Baadaye ukawa mali ya umma, ndiyo maana Arie Voors aliweza kuuvika nguo mpya, akauita 4nec2 na kuutoa bure. Roy Lewallen, aliyeiuza EZNEC yake kwa miaka mingi, naye aliiachia bure mwaka 2022. Kwa hiyo hata mfuko mtupu si kisingizio tena.

Kazi yake ni moja. Hukata waya wako vipande vifupi, ikakokotoa mkondo wa umeme katika kila kipande na jinsi kila kipande kinavyomsumbua mwenzake. Zamani maagizo yaliingizwa kwa kadi za kutobolewa, na jina halijatoka: kila mstari wa faili bado unaitwa kadi. Kadi ya GW inaeleza waya, EX inaeleza unaulisha wapi, FR inataja masafa. GN ndiyo kadi ya ardhi.

Usipoiandika, programu haitalalamika. Haitakuuliza unaishi wapi. Itakuchukua wewe na waya wako, iwaweke mahali pasipo na kitu pande zote, kisha ikuletee majibu yenye tarakimu mbili baada ya nukta, na tarakimu mbili baada ya nukta huwa zinaaminika sana saa saba usiku.

Asiyesadiki ajaribu. Weka waya mita 10 juu, uiendeshe programu. Uweke mita 1,000. Uweke sifuri. Majibu hayatatofautiana, kwa sababu anga tupu haina juu wala chini.

Kutoka Kenya imewahi kurushwa antena iliyokaa huko kwelikweli. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei ya nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Jamhuri ikapewa jina Uhuru. Hiyo ndiyo yenye haki ya kuacha kadi ya GN. Na hata yenyewe ilirudi duniani mwaka 1979. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Kanuni ya pili: uamini mchoro wa kwanza

Chora dipoli, waya wa nusu wimbi uliolala na kulishwa katikati. Katika anga tupu mchoro wake unatoka kama ngata, ile ya kuwekea mtungi kichwani, iliyovishwa waya kama pete. Ongezeko lake, yaani ile faida ya kuelekeza nguvu upande mmoja kuliko kuitawanya kote, ni 2.15 dBi. Nguvu zinakwenda mbele, nyuma, juu na chini kwa usawa. Kubwa kuliko yote kwa mgeni, zinakwenda moja kwa moja kwenye upeo wa macho, na kwa kuwa London iko ng'ambo ya upeo huo, mgeni anakwenda kulala akiwa na furaha.

Hajajiuliza zile za chini zinakwenda wapi. Katika anga tupu zinaendelea na safari. Kiganjo zinagonga udongo na kurudi juu, na zinaporudi zinakutana na zile zilizotoka moja kwa moja. Kilele kikikutana na kilele, mawimbi yanaongezeana; kilele kikikutana na bonde yanauana. Kwa waya uliolala juu ya ardhi tambarare, kwenye upeo wa macho yanauana kabisa. Pale mchoro wa kwanza ulipoweka nguvu nyingi kuliko zote, ardhi inaweka sifuri.

Zinakokwenda badala yake huamuliwa na kimo. Hesabu yake inatosha nyuma ya risiti: gawa robo ya urefu wa wimbi kwa kimo cha waya, utapata sine ya pembe ya ulimi wa kwanza. Chukua waya ulio mita 10.5 juu ya udongo. Kwenye 7.1 MHz kimo hicho ni robo ya wimbi, na nguvu zinakwenda juu utosini, nyuzi 90. Kwenye 14.2 MHz ni nusu ya wimbi, na ulimi unatoka kwa nyuzi 30. Kwenye 28.4 MHz ni wimbi zima, na ulimi wa kwanza unashuka hadi nyuzi 14 hivi, wa pili ukiwa juu yake kwenye 49. Mlingoti ni ule ule, fundi ni yule yule, na safari ni tatu tofauti. Mawimbi ya kwenda ng'ambo hutaka kutoka chini chini. Yanayopanda utosini hurudi karibu na nyumbani.

Kanuni ya tatu: nunua desibeli kama nyama

Antena huuzwa kwa desibeli kama nyama kwa kilo, tofauti ni kwamba mizani ya nyama hukaguliwa.

Dipoli ile ile ya 2.15 ukiiweka nusu wimbi juu ya udongo wa kawaida, programu itakuonyesha kati ya 7 na 8. Hujaongeza waya, hujaongeza wati. Ardhi imechukua nguvu zilizokuwa zikizama, ikazirudisha juu. Mawimbi mawili yakikutana vizuri, ukubwa wa wimbi unakuwa maradufu, na wimbi maradufu lina nguvu mara nne, yaani desibeli 6. Udongo wa kweli hula sehemu kidogo ya hizo. Pembe nyingine ndizo zilizolipa gharama, zimebaki mikono mitupu.

Sasa anakuja muuzaji na antena ya Yagi ya vipande vitatu. Katika anga tupu ina 7 au 8. Juu ya ardhi inakaribia 13. Yeye kwenye tangazo ataandika 13. Nawe, mfuasi mwaminifu wa mwongozo huu, utaichukua 13 yake, utaiweka kando ya 2.15 yako, utaona faida ya desibeli 11, na utauza mbuzi. Faida halisi ni 5 na kidogo. Mmoja amepimwa akiwa juu ya kiti, mwingine akiwa sakafuni, na wewe umelipia kiti.

Kanuni ya nne: kata waya kabla ya kupanda

Katika anga tupu, pale kebo inapoungana na dipoli pana ukinzani wa omu 73, nao haubadiliki. Juu ya ardhi hupanda na kushuka kadiri unavyouinua waya. Hukaribia 100 waya ukiwa theluthi ya wimbi juu, hurudi kwenye 70 kwenye nusu wimbi, na karibu kabisa na ardhi inayopitisha umeme vizuri huporomoka. Kwa sababu hiyo kanuni inasema: kata waya chini, kwa kipimo cha programu, tia lehemu, funga kila kitu kwa tepu, ndipo upande juu.

Nilitii. Nilinunua waya wa nyumba wa milimita 1.5, ule mwekundu wenye koti la plastiki, nikakata mita 20 na sentimita zake kwa ajili ya 7.1 MHz. Slabu yetu iko kama mita sita na nusu toka udongoni. Nikaongeza bomba la mita nne. Mzee mwenye ploti, ambaye hakuna kitu kinachopanda kwenye slabu yake asikijue, alikuja na kofia yake akasimama kando ya tangi.

“Kijana, huu waya ni wa kuanika?”

“Hapana, mzee. Ni wa redio.”

“Unapeleka maneno wapi?”

“Uingereza.”

Akaufuata waya kwa macho toka mwisho mmoja hadi mwingine, polepole, kama mtu anayekagua ukuta uliopinda. “Na Uingereza wanajua?”

Mita ikasema waya umekaa sawa kwenye 6.88 MHz, nje kabisa ya bendi tuliyopewa. Koti la plastiki peke yake hushusha masafa kwa asilimia kadhaa, na mimi kwenye programu nilikuwa nimechora shaba tupu. Chini ya waya, mita nne tu, palikuwa na slabu, na ndani ya slabu pamejaa nondo. Ardhi yangu ya kwanza haikuwa udongo wa Thika, ilikuwa nondo za mzee. Nikashusha waya, nikakata kidogo kila upande, nikaupandisha. Nikashusha tena. Mara ya nne nilipopanda nilikuta mama wa nyumba ya juu ameuona waya umeshuka akashukuru Mungu, na blanketi mbili zilizolowa zilikuwa zinadondosha maji katikati ya antena yangu. Nilipima hivyo hivyo, kwa ajili ya elimu. Programu haina kadi ya blanketi.

Wiki tatu baadaye mzee aliniuliza langoni. “Uingereza wamesema nini?”

“Bado, mzee. Lakini Arusha wamejibu. Na Kisumu.”

Akafikiri kidogo. “Arusha si kuna basi?”

Basi lipo. Lakini hapo ndipo ardhi iliponifundisha kitu. Waya wangu, robo ya wimbi juu ya udongo, ulikuwa unarusha karibu kila kitu utosini, nacho kilikuwa kikigonga ionosfia na kurudi chini kama maji ya bomba la kunyunyizia, kikimwagika kilomita mia kadhaa pande zote: Kisumu, Arusha, Mombasa. Wazungumzaji wa zamani wa simu ya upepo waliujua mwenendo huu bila programu. Hospitali za misheni zilizoongea na Madaktari Warukao wa AMREF, kambi za mbugani, vituo vya kaskazini ambako simu haikufika, wengi waliongea kwa waya wa kulala uliofungwa kati ya miti miwili, si juu sana. Nilikuwa nimejenga antena nzuri kabisa ya kazi ambayo sikuikusudia.

Kanuni ya tano: ukilazimishwa ardhi, chagua ile kamilifu

Siku moja utachoka na kimya, utaiandika kadi ya GN. Usikate tamaa, bado kuna nafasi ya kukosea. Chagua ardhi kamilifu. Hiyo ni kama sinia la shaba lililotandazwa toka Makongeni hadi mwisho wa dunia. Halinyonyi kitu, linarudisha kila kinacholigonga, na michoro yake ni mizuri kuliko yote utakayoiona maishani.

Udongo wa kweli hupewa namba mbili: jinsi unavyohifadhi umeme na jinsi unavyoupitisha. Unaoitwa wa wastani ni 13 na 0.005, na kadi yake inasomeka hivi: GN 2 0 0 0 13 0.005. Ile 2 ndiyo muhimu. Inaiambia programu itumie njia iliyozaliwa na hesabu za Arnold Sommerfeld, Mjerumani aliyekokotoa mwaka 1909 jinsi wimbi linavyosafiri juu ya udongo unaonyonya. Zipo programu nyingine za ukoo wa MININEC, MMANA-GAL ikiwa mojawapo, zinazokokotoa mkondo wa waya kana kwamba chini kuna sinia la shaba, kisha udongo zinautia kwenye mchoro wa mbali tu. Waya uliolala ukiwa chini ya sehemu moja ya tano ya wimbi, zitakupa desibeli ambazo hakuna aliyewahi kuzipokea.

Tena huo wastani ni wastani wa wapi? Kwetu, upande wa mashamba ya kahawa udongo ni mwekundu na wa kina. Ukishuka kuelekea tambarare za Juja unaingia kwenye ule mweusi wa pamba, ambao wakati wa masika humeza gari hadi ekseli, na ukikauka Februari hupasuka nyufa za kutumbukiza mkono. Udongo ukilowa hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko ukikauka. Kwa hiyo mwenye ploti moja ana ardhi mbili, moja ya mvua na moja ya kiangazi, na hati ni ile ile. Andika namba za udongo mzuri, uendeshe. Andika za mbaya, uendeshe tena. Waya wa kulala hautajali sana. Wa kusimama utajali, nao nitaueleza hivi punde.

Kanuni ya sita: jirani hayupo

Hata kadi ya GN iliyoandikwa kwa uaminifu inakupa ardhi tambarare, ya aina moja, isiyo na mwisho. Mwaminifu wa mwongozo huu ataridhika nayo, kwa sababu kwenye ardhi hiyo hakuna jirani.

Tuipime. Waya uko mita 10.5 juu. Wimbi litakalotoka kwa nyuzi 30 hugonga ardhi kama mita 18 kutoka mguu wa mlingoti. Litakalotoka kwa nyuzi 5, lile la kwenda mbali, hugonga ardhi kama mita 120. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni mita 15 kwa 30. Maana yake ardhi inayokufikisha ng'ambo si yako. Haina jina lako kwenye hati, hulipii chochote kwa kaunti, na mwenyewe anaweza kujenga godauni la mabati juu yake kesho asubuhi bila kukuuliza. Watu wa Kiambu wamefikishana mahakamani kwa upana wa mfereji. Mpenda redio anategemea shamba la mtu mita 120 mbali, na wala hajui mwenyewe ni nani.

Ploti hiyo inakubana hata kwa urefu. Waya wa 7 MHz, mita 20, unaenea. Wa 3.6 MHz ni karibu mita 40, na ploti, hata ukiikata kona kwa kona, ina mita 34. Katika anga tupu unaenea vizuri sana.

Kilimambogo ndicho kitu ambacho kila mgeni anakilaumu. Kilele chake kiko mita 2,145 juu ya bahari, na ukisimama kwenye slabu yetu unakiona kimekaa kusini mashariki kama mzee barazani. Lakini kiko zaidi ya kilomita 20, na kutoka hapa kinapanda chini ya nyuzi 2 tu juu ya upeo. Waya wangu haukuwa na chochote cha maana huko chini. Mlima haukuzuia kitu. Waliozuia walikuwa nondo, mabati ya jirani na kimo, na hao hawapigwi picha.

Kanuni ya saba: simamisha waya, umsahau mtu wa Mombasa

Ukichoshwa na waya wa kulala, utasoma kwamba waya wa kusimama hutoa chini chini na hautaki nafasi. Yote mawili ni kweli, kwa masharti. Waya wa robo wimbi unaosimama ni nusu ya antena. Nusu ya pili ni ardhi, au nyaya unazozitandaza mguuni pake kama mizizi. Juu ya sinia la shaba una 5.15 dBi, na nguvu nyingi kuliko zote ziko kwenye upeo wa macho. Juu ya udongo wa wastani, hata ukitandaza mizizi mingi, unabaki karibu na 0, na ulimi wake unainuka hadi nyuzi 25 hivi, kwa sababu udongo umezinyonya zile pembe za chini ulizozitamani. Mizizi iliyo mguuni haiwezi kuponya udongo ulio mita 120 mbele.

Mwenzako wa Mombasa, mwenye ufito wa kuvulia samaki na waya mchangani, anakushinda. Maji ya bahari hupitisha umeme mara 1,000 kuliko ule udongo wa wastani: 5 kwa 0.005. Yeye ndiye aliye karibu kuliko sote na sinia la shaba, na halilipii kodi. Watu wa Lamu na Unguja wanalo pia, mbele ya baraza. Sisi wa Kiganjo tuna kahawa.

Haki ya anga tupu

Nimeisema vibaya mno anga tupu, nayo ina haki zake tatu.

Ya kwanza ni kulinganisha. Ukitaka kujua kama Yagi hii ni bora kuliko ile, waondolee wote ardhi, uwasimamishe sakafuni pamoja. Tofauti utakayoiona ni ya antena zenyewe, haikuchanganyika na kimo.

Ya pili ni kuikagua programu. Fanya waya usiwe na upotevu wowote, uuweke anga tupu, uiagize programu ijumlishe nguvu zinazotoka pande zote na kuzilinganisha na zilizoingia. Wastani unapaswa kuwa 1. Ukikuta 0.8 au 1.2, ujue mchoro wako una kasoro: vipande vimekatwa vibaya, au nyaya zimekutana kwa pembe kali mno. Juu ya ardhi ya kweli jaribio hili halikufai, kwa sababu udongo unakula na hutajua nani kala.

Ya tatu ni masafa ya juu. Antena ya kisimbuzi, ile iliyoenea kwenye mapaa yetu baada ya televisheni za analogia kuzimwa mwaka 2015, hupokea mawimbi ya nusu mita hivi. Mita 10 juu ya udongo kwake ni mawimbi 20. Ukinzani wake hauijui ardhi, na umbo lake ni karibu lile la anga tupu. Waya wa 7 MHz kwenye mlingoti huo huo uko robo ya wimbi tu. Kimo huhesabiwa kwa mawimbi kwanza, mita baadaye.

Kipimo kisichodanganya

Ukimaliza kukokotoa, zima kompyuta, washa redio, nenda 14.100 MHz. Hapo kuna mtandao wa vituo 18 vya ishara duniani, na Kenya imo kwa alama 5Z4B. Kila kituo hupewa sekunde 10, na zamu yote huzunguka kwa dakika 3. Kituo hutaja jina lake kwa Morsi kikitumia wati 100, kisha hupiga mistari minne mirefu: ya kwanza wati 100, ya pili 10, ya tatu 1, ya nne sehemu moja ya kumi ya wati. Subiri OH2B wa Finland au ZS6DN wa Pretoria. Hesabu mistari unayoisikia kwa waya huu, kisha usubiri zamu nyingine uhesabu kwa waya ule. Fanya hivyo asubuhi na jioni, wiki nzima, kwa sababu ionosfia ina siku zake. Waya unaokusikizisha mistari mitatu ni bora kuliko unaokusikizisha miwili, hata kama mchoro wake ni mbaya.

Mimi nilikata waya wa pili, wa 14 MHz, mita 10 kasoro kidogo, nikauweka pale pale juu ya slabu. Safari hii niliandika GN 2, nikapima kimo kwa kamba yenye jiwe toka udongoni, nikachora na koti la plastiki. Finland niliisikia mistari miwili. Mzee nimemwambia Ulaya sasa naisikia. Ameniuliza kama na wao wananisikia, nami nimemwambia swali hilo ni zuri.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye leseni mpya, kabla hujamwonyesha mtu mchoro wako, mwonyeshe kwanza kadi yako ya GN. Jiulize unataka kuongea na nani kabla hujauliza desibeli ngapi. Na kabla ya hayo yote, tazama nyaya za stima zinazopita mbele ya ploti: mlingoti usimame mahali ambapo ukianguka, kwa urefu wake wote, hauzigusi. Programu hazizichori, na ni hizo tu kati ya yote niliyoyataja zinazoua.